Rauta haijafa, ni adapta: maradhi ya umeme yanayojifanya maradhi ya kompyuta

Rauta inayozima na kuwaka yenyewe kila ikifika saa mbili usiku haijarogwa, na si lazima mtoa huduma awe amekosea. Mara nyingi ni adapta imechoka. Saa hizo nyumba imejaa, simu tano na televisheni zimeng'ang'ania Wi-Fi, rauta inavuta umeme kuliko mchana, na adapta iliyokuwa ikijikongoja inashindwa. Volti zinashuka, rauta inazima, mzigo unaondoka, volti zinapanda, inawaka tena. Mwenye simu anaona tu kwamba intaneti inakuja na kuondoka.

Makosa ya aina hii ni mengi. Yanavaa nguo za mtandao, za diski au za Windows, kumbe ndani ni umeme. (Nikisema umeme nina maana ya ule wa kwenye waya, masannyalaze kwa Kiganda, si kampuni iliyobeba jina hilo hapa Uganda kuanzia 2005 hadi 2025.) Ukizijua sura zake hutafomati kompyuta isiyo na kosa. Vifaa unavyohitaji ni bisibisi na maltimita (kipima volti), hata ile ya bei ya chini kabisa.

Rauta: usianze na kile kitundu cha nyuma

Watu wengi wakiona intaneti imepotea huchukua pini na kubonyeza kitundu cha nyuma kwa sekunde kumi. Jina la Wi-Fi linafutika, nenosiri linafutika, na kama laini yako huingia kwa jina na nenosiri la mtoa huduma, navyo vimekwenda. Ulikuwa na tatizo moja, sasa unayo mawili, na la pili halitatuliki Jumapili jioni.

Badala yake fungua ukurasa wa rauta. Anwani yake kwa kawaida ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ukikwama, andika ipconfig kwenye dirisha la amri la Windows, usome mstari wa Default Gateway. Ndani ya ukurasa huo tafuta mahali palipoandikwa Uptime, yaani muda tangu rauta iwake. Kama inasema siku tatu na intaneti ilipotea saa moja iliyopita, umeme wa rauta hauna kosa. Tatizo liko kwenye laini, na hapo una haki ya kumpigia mtoa huduma. Kama inasema dakika 14 na hakuna aliyeigusa wala umeme haukukatika, imejizima yenyewe. Joto nalo huweza kufanya hivyo, hasa kwa rauta iliyobanwa nyuma ya televisheni, kwa hiyo ihamishie mahali penye hewa kwa siku moja. Ikiendelea, pima adapta.

Adapta hupimwa ikiwa na mzigo. Kuipima tupu ni kujidanganya: adapta ya 12V iliyokufa nusu itasoma 12.1V bila aibu, kwa sababu hakuna anayeidai kitu. Kinachokufa ndani yake ni kapasita, kile kikopo kidogo cha mviringo ambacho maji yake hukauka kwa joto la miaka. Chukua balbu ya indiketa ya boda boda, 12V 10W. Inavuta takriban ampea 0.8, karibu na mzigo mzito wa rauta ya nyumbani. Funga waya mmoja kwenye kitako chake cha chuma na mwingine kwenye ncha ya chini, uviunganishe na plagi ya adapta, weka maltimita kwenye DC 20V, kisha pima huku balbu ikiwaka. Adapta nzima ya 12V 1A itabaki juu ya 11.4V hata baada ya dakika moja. Ikishuka hadi 10 au 9, au balbu ikipepesa, itupe. Kwa adapta ya 9V 0.6A tumia balbu ya 5W. Ile ya 10W itaionea.

Unaponunua nyingine, volti ziwe zilezile, na ampea ziwe sawa au zaidi. Rauta huchukua inachohitaji tu, kwa hiyo 12V 2A haiwezi kuiunguza rauta ya 1A. Kinachounguza ni volti kubwa na alama ya chanya na hasi iliyogeuzwa. Linganisha michoro miwili kwenye lebo kabla ya kuchomeka. Angalia na tundu la plagi. Zipo za milimita 5.5 kwa 2.1 na za 5.5 kwa 2.5, na kwa macho ni mapacha. Ya 2.5 huingia vizuri kwenye pini ya 2.1 lakini inacheza ndani, na kila anayepita akitikisa meza rauta inazima.

Kwa nyumba ambazo umeme hukatika mara kwa mara, ile UPS ndogo ya DC ya rauta (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika) inafaa kuliko UPS kubwa inayolia kama jogoo. Usisome tu namba iliyoandikwa kwenye boksi. 10,400mAh hupimwa kwa volti 3.7 za seli, kwa hiyo ni kama 38Wh. Ukitoa hasara ya kupandisha volti hadi 12 unabaki na takriban 32Wh. Rauta inayotumia wati 8 itaishi saa nne hivi.

Ganda linalowasha vidole

Ukigusa ganda la kompyuta ya mezani ukasikia vidole vinawasha, hasa ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya simenti, soketi hiyo haina ardhi. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele, moja kutoka waya wa moto na nyingine kutoka nyutro, na zote zinaishia kwenye ganda. Waya wa ardhi ukiwepo, umeme huo mdogo unashuka ardhini. Usipokuwepo, ganda linakaa nusu ya njia, na kwa umeme wetu wa 240V nusu hiyo ni kama 120V. Ampea zake ni kidogo mno, kwa hiyo kwa kawaida haziui mtu. Kwa chipu ni habari nyingine. Unachomeka kebo ya HDMI ya projekta iliyo kwenye soketi nyingine, na ule umeme unapitia pini ya kwanza iliyogusa. Ndivyo matundu ya HDMI na USB yanavyokufa "bila sababu".

Pima soketi kwa maltimita iliyowekwa AC 750V, na kama hujazoea umeme wa ukutani mwachie fundi wa umeme, hapa hapachezewi. Moto na nyutro zisome karibu 240. Moto na ardhi nazo zisome karibu 240. Nyutro na ardhi zisome sifuri au volti chache. Moto na ardhi zikisoma 70, 110 au namba inayoyumbayumba, ardhi haipo. Kabla ya kulaumu nyumba, jaribu bila ekstensheni, kwa maana zipo zenye matundu matatu na nyaya mbili tu ndani. Na kinga ya msukumo wa umeme iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na ardhi haina pa kuumwaga msukumo wote. Kile kitaa cha kijani kinakufariji bure.

Mpaka ardhi itengenezwe, chomeka projekta na kompyuta kwenye ekstensheni moja, na uunganishe HDMI kabla ya kuwasha chochote.

Radi huingia kwa kebo ya mtandao

Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi sana, na misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba inawajua vizuri wenye kompyuta. Wingu likitanda, wengi huchomoa plagi na kuacha kebo ya LAN. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga mnazi wa jirani, kila waya mrefu wa shaba uliolala nje huokota msukumo wa volti, na waya mrefu kuliko yote ni ile kebo inayotoka ofisini kwenda stoo, au inayopanda kwa antena ya paani. Chomoa umeme, chomoa LAN pande zote mbili, na uziweke ncha mbali na vifaa. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, pengo lake ni la milimita chache tu.

Dalili ya siku ya pili ni hii: kompyuta inawaka vizuri, Wi-Fi inafanya kazi, lakini tundu la LAN halina taa, na ipconfig inasema Media disconnected hata kwa kebo ambayo kwenye kompyuta nyingine inafanya kazi. Wakati mwingine taa ipo lakini anwani inayokuja inaanza na 169.254, maana yake kompyuta ilimwita rauta na hakuna aliyeitika. Gusa chipu ndogo iliyo nyuma ya tundu, kompyuta ikiwa imewashwa dakika tano. Ikiwa ya moto hata kidole hakivumilii, imeungua. Usinunue madabodi. Zima tundu hilo kwenye BIOS (menyu ya kompyuta yenyewe kabla Windows haijaanza), chomeka kadi ya PCIe au adapta ya LAN ya USB, kazi iendelee.

Kati ya jengo na jengo, hata kama ni mita 30, weka nyuzi za kioo na vibadilishi viwili (media converter), kimoja kila upande. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi ya stoo inaishia stoo, na tofauti ya ardhi ya majengo mawili haina njia ya kusafiri. Kosa linalofanyika hapa: kebo nyingi za nyuzi za kuning'iniza zina waya wa chuma ubavuni wa kushikilia uzito. Ufunge waya huo kwenye ndoano ya nje na uukate hapo. Ukiuingiza ndani hadi kwenye swichi, umerudisha shaba kwa mlango wa nyuma.

Tukiwa kwenye kebo: antena ya paani hupata umeme wake kupitia kebo hiyohiyo, na kebo ya bei rahisi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya mmoja kwa wembe. Ukikuta weupe chini ya wekundu, ndiyo hiyo. Upinzani wake unazidi wa shaba halisi kwa zaidi ya nusu, na hukatika kwa urahisi pale kwenye kiunganishi cha RJ45. Antena inayojizima kila mzigo ukizidi, kwenye kebo ya mita 60 ya aina hiyo, haihitaji programu mpya. Inahitaji kebo.

UPS

UPS inayozima papo hapo umeme unapokatika kwa kawaida ina betri iliyokufa. Kwa kompyuta ni kama haipo. Ya 650VA kwa kawaida ina betri moja ya 12V 7Ah. Kwenye karatasi hiyo ni 84Wh, lakini ikimalizwa haraka hutoa kama nusu tu, kwa hiyo kompyuta na skrini za jumla ya wati 120 hupata chini ya dakika 20 hata betri ikiwa mpya. Ijaribu kwa balbu ya kawaida ya wati 60 au 100, si kwa kompyuta yenye kazi ya mtu. Unaponunua betri nyingine pima upana wa vile vibati vya kuunganishia: vipo vya milimita 4.8 na vya 6.3, na klipu kubwa ikilegea kwenye kibati kidogo huungua.

Na printa ya leza isiguse UPS. Ukitembea Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, utaiona imechomekwa hapo kila duka la tatu. Kile kinu cha joto cha printa kinapoanza kuchemka huvuta karibu wati 1,000 kwa muda mfupi, na UPS ya 650VA inatoa kama 360. Kila ukurasa wa kwanza unaipiga teke.

Saa iliyorudi nyuma

Kuna duka linalozima umeme ukutani kila jioni ili yuniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zisiliwe usiku. Uamuzi wa busara, lakini una gharama yake. Kompyuta iliyochomekwa huilisha saa yake kwa umeme wa pawa saplai. Iliyokatiwa ukutani huila betri ya CR2032 usiku kucha na wikendi nzima. Betri ikishuka kutoka volti 3 hadi karibu 2.7 saa inaanza kusahau, na asubuhi moja kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka ule madabodi ilipotengenezwa.

Mwenye duka haoni saa. Anaona benki imekataa, tovuti ya kodi ya URA imekataa, barua pepe imekataa, zote kwa onyo jekundu kwamba muunganisho si salama, huku ping 8.8.8.8, amri ya kupima kama intaneti ipo, ikijibu vizuri. "Fundi, intaneti ipo lakini haifanyi kazi," ndivyo atakavyokuambia. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta iliyorudi miaka kumi nyuma inaviona havijaanza. Soma kona ya chini kulia ya skrini kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Badilisha betri, ingia BIOS uweke tarehe, na kwenye Windows chagua saa za Nairobi, UTC+03:00, ambazo ndizo za Kampala pia.

Diski: inaandika kila mara ulipoikatia umeme

Diski ina kumbukumbu yake yenyewe, na watu wachache huisoma. Fungua CrystalDiskInfo, au kwenye Linux andika smartctl -a /dev/sda. Tazama mistari miwili kwa pamoja: 0C, idadi ya mara diski ilipowashwa, na C0, idadi ya mara ilipokatiwa umeme kabla haijaagwa. CrystalDiskInfo huandika thamani ghafi kwa heksi (hesabu ya msingi wa 16) mpaka uibadilishe kwenye menyu, kwa hiyo 1F ni 31. Watengenezaji hawahesabu sawasawa kabisa, lakini ukikuta 0C ni 900 na C0 ni 850, kompyuta hiyo karibu haijawahi kuzimwa kistaarabu. Kwenye SSD za NVMe mstari huo unaitwa Unsafe Shutdowns. Ndani ya Event Viewer ya Windows ushahidi mwingine ni Kernel-Power 41 na namba 6008, kila moja na saa yake.

Kisha tazama 05, C5 na C6. Hizo ni sehemu za sahani zilizoharibika au zinazosubiri hukumu. C5 ikiwa na chochote zaidi ya sifuri, acha kazi nyingine, nakili data. C7 ni tofauti: hiyo ni makosa njiani, na mara nyingi dawa yake ni kebo mpya ya SATA. Namba ya C7 hairudi sifuri hata ukitengeneza. Unachoangalia ni kama inaendelea kupanda.

Diski ya nje inayogonga tik-tik haijafa mpaka uithibitishe. Tundu la USB 2.0 limeahidi ampea 0.5 tu, la 3.0 ampea 0.9, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huweza kutaka karibu ampea 1. Tumia tundu la nyuma ya kompyuta, si la mbele, na kebo fupi. Ikigonga na hapo, izime mara moja. Kila pigo moja zaidi ni mkwaruzo.

SSD iliyopotea kabisa kwenye BIOS baada ya umeme kukatika wakati mwingine hurudi. Iache kompyuta ikae ndani ya BIOS dakika 20 hadi 30, SSD ikiwa na umeme lakini haifanyi kazi, zima, chomoa umeme sekunde 30, rudia mara mbili. Inapewa nafasi ya kupanga upya ramani yake ya ndani.

Usikimbilie chkdsk /f kwenye diski yenye C5. Amri hiyo hutengeneza mpangilio wa faili, na kwa kufanya hivyo huandika juu ya diski inayokufa. Nakili kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ukiwa umewasha kompyuta kwa flashi ya Linux. Tambua diski kwa lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL, na usome namba ya SERIAL mara mbili, maana ukigeuza chanzo na kipokezi umeifuta data kwa mkono wako. Kipokezi kiwe na ukubwa sawa au zaidi. Hapa chini sdb ni diski mbovu, sdc ni kipokezi.

ddrescue -f -d -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.log

ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc ramani.log

Ya kwanza huchota yote yaliyo mazima bila kung'ang'ania penye kidonda; ya pili hurudi kwenye vidonda mara tatu. chkdsk itapigwa baadaye kwenye nakala. Faili la ramani.log lihifadhi kwenye flashi nyingine, lisikae kwenye kumbukumbu ya muda ya Linux iliyowashwa kwa flashi, kwa sababu diski mbovu ya terabaiti moja huweza kuchukua siku mbili, na ndani ya siku mbili umeme utakatika. Ukirudi, andika amri ileile na ramani ileile. Inaendelea pale ilipoishia.